Nani Atakaa na Bibi Siku ya Sherehe?

Grupu: Jumuiya ya Mwenyeheri Anuarite, Mbagala

JUMAPILI JIONI

Mwenyekiti: Tumsifu Yesu Kristo wanajumuiya.

Mama Neema: Milele amina.

Baba Doreen: Milele amina mwenyekiti.

Mwenyekiti: Nawakumbusha sherehe ya somo wetu, Mwenyeheri Anuarite, msimamizi wa jumuiya yetu. Siku yenyewe ni tarehe 1 Desemba, ila inaangukia katikati ya juma, ndiyo maana tumeisogeza Jumamosi. Padri amekubali, Misa itakuwa hapa uwanjani kwangu saa nne asubuhi, kisha chakula. Mweka Hazina tuambie tumefikia wapi.

Mweka Hazina: Kaya nyingi zimeshatoa elfu kumi zao, Mungu awabariki. Mchele upo. Turubai na viti tumeazimwa na jumuiya ya jirani. Bado mafuta, viungo, soda na nauli ya kwaya. Waliobaki naomba tumalize kabla ya Alhamisi.

Mama Neema: Hongera Mweka Hazina, kazi si ndogo. Jamani nina jambo. Leo baada ya Misa ya pili nilipita kwa Bibi wa nyumba ya kona. Tangu apate kiharusi mkono na mguu wa kulia haviamki, na maneno yanatoka kwa shida. Binti yake yuko naye peke yake mchana na usiku. Vitumbua ameacha kuchoma, kwa hiyo na hela ya siku hakuna. Nimemkuta anafua mashuka huku anasinzia amesimama.

Mama Grace: Maskini 😢 Mimi nilijua ndugu zake wa Songea wamekuja.

Mama Neema: Walikuja wakaondoka. Anayemsaidia ni Mama Shabani wa nyumba ya pili. Kila jioni baada ya magharibi anakuja na bakuli la supu na kumsaidia kumgeuza Bibi. Hakutangaza kwa mtu. Nimejua leo kwa sababu nimelikuta bakuli lake.

Babu Katekista: Mama Shabani Mungu amlipe. Na sisi tunasali kwenye ukuta unaopakana na ile nyumba kila Jumamosi.

Kaka Deo: Shikamooni wazee. Mimi naona sherehe tuiache mwaka huu. Hela yote ipelekwe kwa Bibi. Tutakulaje pilau na mwenzetu ana hali hiyo?

Mama Grace: Deo ana hoja.

Mweka Hazina: Nyama imeshalipiwa Deo. Lakini si hilo tu. Watoto wetu wanaona Misa nyumbani mara moja kwa mwaka, ni siku hii. Kuna wazee humu hawafiki parokiani, Jumamosi ndiyo watashiriki. Nayo ni huduma.

Baba Doreen: Kweli, ila kwa Bibi nako hakuwezi kusubiri.

Mama Neema: Subirini kwanza. Nilimuuliza yule binti, "Mwenzangu, tukusaidie nini?" Nilidhani atasema hela, au unga. Akanyamaza kidogo, halafu akaniambia anachokitaka ni kuja kwenye sherehe. Mnakumbuka alivyokuwa sauti ya pili kwenye kwaya? Amesema ana hamu ya kusimama kwenye Misa aimbe hadi mwisho, avae kitenge chake cha jumuiya, ale chakula alichopika mtu mwingine. Sasa sisi tukifuta sherehe kwa jina lake tutakuwa tumemnyang'anya kitu kimoja alichotuomba.

Kaka Deo: Sikujua mama. Basi sherehe iwepo, na aje.

Mwenyekiti: Sasa swali linabaki moja. Nani atakaa na Bibi?

JUMATATU

Nesi: Tumsifu Yesu Kristo. Nilikuwa zamu ya usiku ndiyo nasoma sasa. Kabla hamjapangana, sikilizeni, maana moyo tunao lakini mikono lazima ijue inachofanya.

Nesi: Bibi anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili. Upande huu, mgongo, upande ule. Asipogeuzwa anatoka vidonda vya kulalia kiunoni chini, kwenye nyonga na visigino, na vikishachimbika kupona ni kazi kubwa. Ukimgeuza angalia hizo sehemu. Ukiona wekundu au weusi usiokuwepo, niite. Usimvute hata kidogo kwa ule mkono uliolegea, bega linateguka. Anainuliwa kwa shuka, watu wawili, huyu huku na huyu kule. Mito iwekwe mgongoni na katikati ya magoti.

Nesi: Chakula: aketi wima kabisa, kijiko kidogo, subiri ameze ndipo uongeze. Uji uwe mzito. Kitu chepesi kama maji ndicho kinachompalia kwa urahisi na kuingia mapafuni. Akimaliza abaki ameketi kama nusu saa. Na jamani, Bibi anasikia. Kushindwa kuongea si kutosikia. Msizungumze juu yake kama hayupo chumbani.

Mama Grace: Asante Nesi. Hiyo ya mkono sikuwa najua kabisa.

Baba Doreen: Kwa hiyo saa zote wawe watu wawili?

Nesi: Wakati wa kumgeuza ndiyo, wawili. Katikati hapo mmoja anatosha.

Mama Neema: Mama Shabani amesema, "Nyie nendeni kwenye sala yenu, mimi nitashinda na Bibi." Nimemshukuru sana. Ila kwa maelezo haya anahitaji mwenzake.

Mama Grace: Mimi nilikuwa na wazo. Tukianza zamu tupige picha kidogo tuweke kwenye grupu la parokia, jumuiya nyingine nazo zihamasike.

Babu Katekista: Mwanangu, nia yako ni njema. Lakini Bibi huyu alikuwa hatoki nje bila kilemba kukaa sawasawa. Picha ya kitandani, ana nepi, mdomo umeenda upande, hawezi hata kusema hapana? Bwana wetu alisema mkono wa kushoto usijue unachofanya mkono wa kuume. Tusipige.

Mama Grace: Sawa Babu. Picha hakuna.

Nesi: Asante Babu. Nilikuwa nataka kusema hilohilo.

JUMANNE USIKU

Kaka Deo: Babu Katekista naomba kuuliza, nisaidie. Nimeanza jana kwenda kwa Bibi jioni pamoja na Mama Shabani. Nafanya, sikatai. Lakini nikitoka kazini nimechoka, na pale chumbani harufu, joto, natamani muda uishe. Maandiko yanasema Mungu humpenda atoaye kwa moyo wa ukunjufu. Sasa mimi ukunjufu siuoni. Je, hiyo huduma yangu ina maana?

Babu Katekista: Ina maana Deo. Uchovu si dhambi, ni mwili. Ngoja nimalize kula nikuandikie vizuri, kidole kimoja hiki kinachelewa.

Nesi: Wakati Babu anakula mimi nijibu nilichojifunza wodini. Usitafute furaha kifuani kwako kwanza. Angalia unavyoingia mlangoni. Ukiingia na sura ya msiba Bibi anajihesabu mzigo, na hilo linamuumiza kuliko ganzi ya mkono. Ingia umsalimie kwa sauti, "Shikamoo Bibi," msubiri aitikie hata kama ni kwa macho. Mwambie Simba na Yanga imeishaje. Umgeuze huku unamwambia unachofanya. Ile furaha inaanzia kwake, halafu siku nyingine unashangaa na wewe imekufikia. Siku isipofika, Bibi bado atakuwa amelala vizuri.

Kaka Deo: Bibi ni Yanga 😀 Nimeambiwa na Mama Shabani.

Babu Katekista: Nimemaliza. Deo, tumfikirie somo wetu. Watu tunakumbuka kifo cha Anuarite, usiku wa kuamkia 1 Desemba 1964 pale Isiro, Kongo, na jinsi alivyomsamehe mtu aliyekuwa anamuua. Ni sawa, ni shahidi, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Lakini mimi nampenda zaidi kwa ile miaka ya kabla yake. Alikuwa mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu kule Bafwabaka, Kongo ya kaskazini mashariki. Alifundisha watoto, alipika, alitunza sakristia, chumba cha vyombo na mavazi ya Misa. Wenzake walimjua kwa uchangamfu na kwa kupenda kuwafurahisha wengine, na kazi iliyokwepwa na wenzake yeye aliichukua. Alikufa hata miaka 25 hajafikisha. Mimi naamini msamaha wa usiku ule haukuanzia usiku ule. Ulianzia jikoni, kwenye sufuria ambayo haikuwa zamu yake kuiosha.

Babu Katekista: Naye alichoka, alikuwa mtu. Paulo naye alipowaandikia Wafilipi kwamba wafurahi katika Bwana alikuwa amefungwa minyororo. Kwa hiyo usingoje hali iwe nzuri ndipo ufurahi, wala usijilaumu kwa jasho.

Mama Neema: Amina Babu. Nimeisoma mara mbili.

Kaka Deo: Asante sana Babu. Mimi ninayemshika kwa karibu ni Mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma, Kongo mashariki, kwa sababu alikuwa mtu wa kazi kama mimi. Alikuwa mkaguzi wa bidhaa mpakani, akakataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisipite. Julai 2007 akatekwa na kuuawa, ana miaka 26. Juni 2025 ametangazwa Mwenyeheri Roma. Alikuwa wa Sant'Egidio, ile jumuiya ya walei Wakatoliki iliyoanzia Roma, akiwahudumia watoto wa mitaani pale Goma. Mimi hapa ghalani kuna siku nabembelezwa nisaini mzigo ambao sijauona, "chukua ya soda kijana." Huwa nawaza kwamba wale ambao wangekula kile chakula hawakumjua hata jina, na bado aliwajali.

Baba Doreen: Deo hilo ni zito. Sisi wa biashara tunalihitaji kuliko hata nyimbo. Siku ya sherehe uwasimulie vijana, dakika tano tu.

Kaka Deo: Baba Doreen, mimi Jumamosi nataka kukaa kwa Bibi. Nimeshazoeana naye na Mama Shabani, na kumnyanyua naweza.

Mama Grace: Na nani atapiga kinanda?

Kaka Deo: Ndiyo hapo sasa 😔

ALHAMISI

Mwenyekiti: Tumsifu Yesu Kristo. Kinanda hakiwezi kukosa, na Bibi hawezi kukosa. Nani mwingine?

Baba Doreen: Mimi nitakaa. Uongozaji wa sherehe niliopangiwa apewe mtu mwingine, watu wenye sauti ni wengi. Deo apige Misa, chakula kikianza aje anipokee. Kwa hiyo kumgeuza kwa saa nne na saa sita nitakuwa mimi na Mama Shabani, saa nane Deo na Mama Shabani, saa kumi binti yake atakuwa amesharudi.

Nesi: Baba Doreen kesho jioni upite tufanye mazoezi ya shuka. Ukate kucha pia.

Baba Doreen: Nitapita.

Mama Neema: Baba Doreen ubarikiwe. Najua ulivyoisubiri siku hii, suti ulishaipeleka kwa dobi.

Baba Doreen: Nitaivaa hivyohivyo kwa Bibi. Ni sherehe ya somo wake pia.

Mama Grace: 🙏🏾🙏🏾 Nimependa.

Babu Katekista: Nimeongea na Padri. Baada ya Misa, kabla ya chakula, atapita kwa Bibi kumpelekea Komunyo na kumpa Mpako wa Wagonjwa. Nesi, Komunyo ataweza?

Nesi: Ataweza Babu. Kipande kidogo sana, akiwa ameketi wima, bila haraka. Nitakuwepo.

Mweka Hazina: Na mimi nimalize la kwangu. Kwa kuwa viti na turubai hatukulipia, imebaki kidogo. Ninapendekeza itumike kwa nepi za watu wazima na unga wa uji. Nyingine apewe binti mkononi, anunue mchele na mafuta arudishe biashara yake ya vitumbua, maana akichoma tena asubuhi atakuwa anakula jasho lake, si mchango wetu. Anayekataa aseme.

Mwenyekiti: Nakubali.

Mama Neema: Nakubali. Na asubuhi hizo atakazokuwa anachoma, saa kumi na mbili mpaka saa tatu, nani yuko na Bibi? Mimi nachukua Jumatatu na Jumatano.

Mama Grace: Jumanne na Ijumaa niandikeni mimi.

Nesi: Alhamisi kama sina zamu hospitali. Nikiwa nayo nitasema mapema.

Babu Katekista: Jumamosi asubuhi jumuiya tusalie kwake. Tuhamishe mkeka tu, ni ukuta mmoja. Injili aisikie akiwa kitandani.

Mwenyekiti: Hilo limepita bila kupinga. Mama Grace, na chakula cha Mama Shabani?

Mama Grace: Nimeshalifikiria. Nyama tunaichukua buchani kwa Baba Shabani mwenyewe, kwa hiyo atakula bila wasiwasi wowote. Sahani yake naitoa kwanza kabla hatujaanza kugawa, ya Baba Doreen ya pili. Ya Bibi Nesi atanielekeza niponde vipi.

Nesi: Viazi na mchuzi mzito, upondeponde mpaka viwe laini. Pilau asiguse.

Mama Grace: Sawa. Deo naomba mito miwili, yangu miembamba.

Kaka Deo: Ninayo. Naileta leo usiku nikienda kumgeuza.