Nalipa laki nne kwa mwaka kwa kadi ya "launji bure", mama yangu mgonjwa kalala kwenye zulia la uwanja wa ndege

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Nimejizuia wiki tatu nisiandike nikiwa na hasira, lakini jana taarifa ya kadi imeingia na moto umewaka upya. Ngoja niseme yote.

Mimi ni mfanyabiashara wa vipuri, Kariakoo. Kwa mwaka napanda ndege mara saba hadi nane, nyingi Dubai na Guangzhou. Miaka mitatu iliyopita afisa wa benki yangu alinifuata mpaka dukani na kipeperushi cha kadi yao ya juu kabisa. Maneno makubwa kuliko yote kwenye karatasi ile yalikuwa launji bure, yaani zile kumbi za kupumzikia uwanja wa ndege, zaidi ya elfu moja duniani. Nikamuuliza, nikiwa na mtu je? Akanijibu, "Bosi, hii ukiionyesha tu mlango unafunguka." Nikasaini pale pale juu ya kaunta. Ada ni shilingi laki nne kwa mwaka, na kila Januari inakatwa bila kuchelewa hata siku moja.

Mwezi uliopita nilikuwa nampeleka mama Chennai. Ana miaka 71, sukari anayo siku nyingi, na safari hii ilikuwa ya mguu. Tulipita uwanja mmoja mkubwa wa Ghuba, tukiwa na saa saba za kusubiri kuanzia saa tano usiku. Ndege ile niliichagua kwa makusudi. Nauli ilikuwa nafuu, na nilijua kuna launji: mama ataoga, atanyoosha mguu, atakula kwa saa zake, insulini itakaa kwenye friji. Safari nzima niliipanga kwa kuitegemea kadi ile.

Dada wa mapokezi akapitisha kadi kwenye mashine. Akapitisha tena. Akaifuta kwenye sketi yake, akapitisha mara ya tatu. Kisha akanigeuzia kioo nijisomee mwenyewe: ziara za bure zilizobaki, sifuri. Nikamwambia sawa, basi nilipie mimi na mama. Akasema kwa saa zile hawapokei watu wa kadi wala wa kulipa mlangoni mpaka saa kumi alfajiri, kwa sababu ukumbi umejaa abiria wa mashirika waliyoingia nayo mkataba. Nikamwonyesha mama yuko kwenye kiti cha magurudumu. Akaniangalia kwa huruma kabisa, akasema hana ruhusa.

Nyuma yetu akaja kijana kavaa kandambili, tiketi yake ya daraja la kawaida kama zetu, cheo cha dhahabu cha shirika, kile wanachowapa wasafiri wao wa mara kwa mara, kiko kwenye simu. Akapita, yeye na mwenzake. Simwonei wivu, amesafiri amestahili. Ila pale ndipo nilipoelewa kwamba kwa miaka mitatu nimekuwa nalipia kitu ambacho sikukijua.

Nikapiga namba iliyo nyuma ya kadi. Muziki dakika kumi na moja, salio likaisha.

Mama akanivuta mkono. "Baba, mie hapa panatosha, usigombane na watoto wa watu." Akatoa kanga kwenye mkoba, tukaitandika kwenye zulia nyuma ya viti vya chuma, vile vyenye mikono katikati ambavyo hata mtoto hawezi kujinyoosha. Mguu nikauegemeza juu ya begi. Barafu ya kuzungushia kifuko cha insulini nikaenda kuomba kwenye mgahawa wa kahawa. Mhudumu mmoja, binti wa Mombasa, aliponisikia naongea na mama akanijazia vikombe viwili vya karatasi, na saa nane usiku akaja mwenyewe kuongeza. Dada yangu, Mungu akuzidishie. Wewe hukuniuzia kadi yoyote. Saa kumi ilipofika mama alikuwa ameshapitiwa na usingizi, sikuwa na moyo wa kumwamsha.

Tukiwa Chennai nikaandika barua pepe benki. Siku ya pili wakajibu: changamoto imetatuliwa, tunaomba radhi kwa usumbufu. Kurudi tukapita uwanja mwingine kabisa, kadi ikakubali, kijana wa mlangoni akasema karibuni. Mama akaoga, akala supu, nikashukuru. Kumbe jana taarifa inasoma dola 70! 35 zangu, 35 za mama, zimegeuzwa shilingi kwa bei wanayoijua wao, na tozo juu yake.

Leo asubuhi nimekwenda tawini. Meneja akafungua tovuti yao, akashuka chini, chini, chini, mpaka kwenye herufi ndogo kama chawa: kuanzia Januari, ziara nne kwa mwaka, tena kama matumizi ya kadi kwa miezi mitatu iliyotangulia yamefika kiwango, na mgeni analipiwa. Nikamuuliza, mlinijulisha lini? Akasema, "Tuliweka kwenye tovuti." Wakuu, benki hii hii inanitumia ujumbe nikinunua maji ya shilingi mia saba. Ikikata ada, ujumbe. Ikitaka kunikopesha, ujumbe, hata Jumapili. Lakini kuondoa kitu kilichonifanya nichukue kadi yao, wanaweka kwenye tovuti ambayo hakuna mteja anayeamka asubuhi kwenda kuisoma.

Nimekaa nikafuatilia hizi launji zinavyofanya kazi. Nayaandika hapa ili mwingine asiingie mkenge.

Kadi ya benki haimiliki mlango wowote. Katikati yupo dalali. Priority Pass na LoungeKey zote ni za kampuni moja ya Uingereza, Collinson. DragonPass ilianzia Guangzhou mwaka 2005. Benki inanunua ziara kwa hao, na kila unapopita mlangoni kuna mtu anatozwa: benki, au wewe. Ndiyo maana bajeti ikibana wanaanza na launji. Na mwenye ukumbi hajakuahidi chochote. Masharti ya Priority Pass yenyewe yanasema nafasi zikijaa unaweza kukataliwa, na kumbi nyingi zinakupa saa tatu tu, sasa sisi tulikuwa na saa saba. Hayo yote afisa aliyekuja dukani kwangu ama aliyajua akanyamaza, ama hakuyajua akauza. Sijui lipi ni baya zaidi.

Cheo cha shirika la ndege ni habari nyingine kabisa. Mashirika mengi yameungana kwenye miungano mikubwa, mmojawapo Star Alliance. Ukiwa na cheo chao cha Gold, hata umekaa kiti cha mwisho karibu na choo, unaingia na mgeni mmoja, ilimradi siku hiyo mnasafiri na shirika la muungano. Ethiopian wamo tangu 2011, Turkish tangu 2008. Kenya Airways waliingia muungano mwingine, SkyTeam, mwaka 2010, huko ngazi inaitwa Elite Plus, nayo inataka uwe na safari ya kimataifa. Qatar Airways wako muungano wa tatu, Oneworld, tangu 2013, na hapo unatafuta ngazi ya Sapphire au Emerald. Emirates hawamo kwenye muungano wowote, wana utaratibu wao: cheo cha Skywards Silver, maili za daraja (alama za safari zinazokupandisha cheo) 25,000, kinakuingiza launji yao ya Dubai wewe peke yako, ukitaka kuingia na mama yako tafuta Gold, 50,000. Air Tanzania yetu nayo haimo kwenye muungano, kwa hiyo safari zangu za Mwanza na Dodoma hazinisogezi popote huko.

Hata wenye vyeo wanapangwa. Pale Doha, launji ya Qatar Airways iitwayo Al Mourjan ni ya daraja la biashara. Mwenye dhahabu aliyekaa daraja la kawaida ana ukumbi wake mwingine. Istanbul nako Turkish wametenganisha launji ya daraja la biashara na ya wenye vyeo vya Miles&Smiles, mpango wao wa maili. Sina ugomvi na hilo hata kidogo, kwa sababu sheria unaijua kabla hujatoka nyumbani. Kwa miaka yote hii nimekuwa nakimbilia nauli ya chini, leo shirika hili kesho lile, maili zangu zimetapakaa sehemu nne na hakuna hata moja iliyofika dhahabu. Safari saba nane za shirika moja, au hata za muungano mmoja, zingenifikisha mbali kuliko kadi hii.

Na kama mtu anataka launji tu bila cheo, anaweza kumwendea dalali mwenyewe. Kwa bei za Marekani, Priority Pass ni dola 99 kwa mwaka halafu 35 kila ukiingia, au 329 ukapewa ziara kumi, au 469 bila kikomo. Ghali, ndiyo. Lakini bei unaiona kabla hujatoa hela. Laki nne zangu ni kama dola 150 na ushee, na nilichopata ni kulipa tena 35 zile zile za mtu wa dola 99.

Najua kuna mtu atasema benki zote duniani zinapunguza. Kweli zinapunguza. American Express, kampuni ya kadi, walianza kutoza wageni kwenye launji zao za Centurion za Marekani tangu Februari 2023, dola 50 kwa mtu mzima. Delta, shirika la ndege la Marekani, nao waliwawekea watu wa kadi kikomo cha ziara kwenye launji zao za Sky Club. Ila angalieni walivyofanya: walitangaza Septemba 2023 kwamba kikomo kitaanza Februari 2025, zaidi ya mwaka mzima mbele. Wateja wakawaka, mwezi ule ule mkuu wa shirika akakiri kwamba walikwenda mbali mno, na Oktoba ziara zikaongezwa kutoka 6 hadi 10 kwa kadi ya Platinum ya American Express na kutoka 10 hadi 15 kwa ile ya Reserve. Walipata nafasi ya kulalamika kabla ya kufika mlangoni. Mimi nilijulishwa na mashine, saa tano usiku, mama yuko kwenye kiti cha magurudumu.

Barua nimeipeleka, meneja kasaini na kugonga muhuri kwenye nakala yangu. Nataka dola 70 zirudi na tozo zake. Nataka nusu ya ada ya mwaka huu, maana huduma niliyoilipia Januari iliondolewa Januari hiyo hiyo. Na nataka wateja wote wa kadi ile watumiwe ujumbe wa simu, kama wanavyotumiwa wa mikopo. Wakinipiga danadana naipeleka Benki Kuu, wana dawati la malalamiko ya wateja na kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zipo tangu 2019.

Wenye kadi za namna hii, pigeni simu benki leo, msisubiri safari. Ulizeni mambo matatu: ziara za bure zimebaki ngapi, zinategemea matumizi ya kiasi gani, na mgeni analipiwa na nani. Majibu myatake kwa maandishi.

Mama ana kliniki tena Septemba. Nimeshamkatia tiketi ya kusubiri saa mbili tu njiani, nimeongeza laki tatu na elfu themanini juu ya ile nauli ya mwanzo. Aliyewahi kurudishiwa makato ya launji na benki ya hapa nyumbani aniambie alianzia kwa nani na ilichukua muda gani.