Mshairi wa Goma amwandikie nani?

Mwanzisha mada
Jambo wote. Hapa mjini kuna vijana wanaoshikilia kwamba mshairi akiwafikiria wasikilizaji anapoandika, ameshauza ulimi wake. Mimi nakataa. Mwana Kupona wa Pate alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumwusia binti yake. Msikilizaji mmoja tu, ndani ya nyumba. Karibu na mwisho ndipo anawaita wanawake wengine nao wasome, na hadi leo unasomwa. Asingejua anasema na nani, sauti ile ya mama angeitoa wapi? Semeni.

Wa Birere
Yaya, mkubwa wangu, binti hakumlipa mama yake. Twende kwenye shida yenyewe. Hapa shairi linaagizwa. Shirika linaandaa jioni ya slamu, yaani mashairi ya kughani jukwaani, linatoa mada (amani, kuishi pamoja, unazijua), dakika chache jukwaani na pesa ya usafiri. Kijana anajua mgeni wa mstari wa mbele anataka kusikia nini kabla hata hajajua yeye mwenyewe anataka kusema nini. Wanapanda mmoja baada ya mwingine, na wote wanamalizia na njiwa! Ukimwambia afikirie hadhira, atamfikiria huyo mgeni. Heri ajifungie chumbani ajiandikie mwenyewe.

Mwanzisha mada
Huyo ni mlipaji, si msikilizaji. Usiwachanganye.

Mwalimu, Himbi
Muyaka wa Mombasa, aliyefariki 1840, aliutungia mji wake wakati Wamazrui, watawala wa mji huo, wanavutana na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar. Hakuhangaika kueleza Wamazrui ni akina nani, kwa kuwa mji mzima ulijua. Leo sisi tunamsoma kwa msaada wa maelezo ya wahariri, na sioni hasara yoyote. Sasa chukueni mlipuko wa volkano yetu wa 22 Mei 2021. Anayetuandikia sisi wa Goma anataja Buhene na kusonga mbele, nasi tumeshafika naye. Anayewaandikia wa mbali anamaliza beti mbili akifundisha kwamba Nyiragongo ni volkano. Ninayasoma ya namna hiyo darasani, yanachosha kweli. Msikilizaji lazima awepo, ila achaguliwe. Na Kifaransa kile cha jukwaani, je, kinamfikia mama wa soko la Virunga?

Mama wa Majengo
Mwalimu, shikamoo. Huyo mama wa Virunga mnamtaja kila mjadala na hakuna aliyemwuliza. Mimi ninauza pale. Shida zangu ninazijua, sihitaji kurudishiwa zikiwa zimetiwa vina ili nipige makofi. Kijana aseme kitu ambacho sijakisikia, hata kama alikiandika usiku akiwaza mambo yake tu. Nitasimama kusikiliza, nisipoelewa yote nitamwuliza.

Wa Birere
Asante mama. Yaya mwenye mada, tunakungoja umjibu.