Szentendre kwa ziara ya nusu siku: muda unatosha, au ni maduka tu?

Nahla_82 anauliza:

Habarini wadau. Tutakuwa Budapest mwishoni mwa Mei, watu wanne, na mmoja ni mama mtu mzima ambaye magoti hayapendi ngazi. Kampuni moja imetupa ofa ya ziara ya nusu siku kwenda Szentendre, ule mji wa wasanii kando ya Mto Danube. Ni basi kwenda na boti kurudi, mwongoza watalii wa Kiingereza, kuondoka saa 8 mchana siku ya Jumatatu. Karatasi yao inasema kutakuwa na "muda wa kutosha wa kujionea mwenyewe".

Ninapenda sana ufinyanzi na sitaki kwenda mbali hivyo niishie kwenye maduka ya sumaku za friji. Je, nusu siku inatosha? Jumatatu ina shida yoyote? Au tuachane na ziara, twende wenyewe kwa treni?

---

Rangi_na_Brashi:

Dada Nahla, kabla ya yote badilisha siku. Jumatatu makumbusho mengi ya Hungaria hufungwa, na Szentendre bila makumbusho inabaki mitaa mizuri na maduka, yaani kile kile unachokikimbia. Na boti nazo, ratiba za miaka ya karibuni mara nyingi zimeiruka Jumatatu. Kwa hiyo waulize hiyo boti ya kurudi ni ya nani. Kama wana boti yao, sawa. Kama wanategemea boti ya abiria ya kawaida, wakuonyeshe ratiba ya msimu huu yenye siku yako. Vinginevyo mtarudishwa kwa basi na bei itabaki ile ile.

Sasa muda. Szentendre iko kama kilomita 20 kaskazini mwa Budapest. Ziara ya aina hii kwa kawaida ni saa nne na nusu hadi tano. Toa dakika 40 za basi pamoja na kukusanya watu hotelini. Toa saa moja ya boti kurudi, maana inateremka na mkondo wa maji. Kupanda kutoka Budapest huchukua kama saa moja na nusu. Toa robo saa au zaidi ya kutembea hadi gatini na kusubiri. Mjini kwenyewe unabakiwa na saa mbili na nusu hivi. Mwongozaji atachukua saa moja hadi moja na nusu kuwazungusha. Huo "muda wa kutosha" ukiuhesabu ni saa moja, na mara nyingi dakika 45.

Saa moja inatosha makumbusho moja. Si mbili. Anayejaribu mbili huishia kuona korido za zote mbili.

Kwa mpenda ufinyanzi chaguo halina mjadala: Makumbusho ya Kauri ya Kovács Margit, ambayo ilifunguliwa mwaka 1973. Margit Kovács (1902 hadi 1977) alikuwa mfinyanzi aliyechukua udongo wa gurudumu akautengenezea watu: wanawake wenye shingo ndefu, wavuvi, waombolezaji, vigae vya ukutani vyenye hadithi za Biblia na za ngano. Angalia jinsi anavyoacha sehemu nyingine bila glezi (ule utando wa kung'aa wa vyombo vya kauri) ili udongo mkavu ukae kando ya rangi inayong'aa. Angalia pia alama za vidole alizoziacha makusudi. Jengo liko hatua chache kutoka uwanja mkuu, Fő tér, ukishuka kichochoro kuelekea mtoni. Vyumba ni vidogo, kwa hiyo kundi la watu 40 likiingia pamoja hakuna anayeona kitu. Subiri dakika kumi wapite.

Makumbusho mengi hapo hufunguliwa saa 4 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, na tiketi ya mwisho huuzwa mapema kidogo kuliko saa ya kufunga. Ziara ya saa 8 inakufikisha kabla ya saa 9, nayo ni salama. Ziara za asubuhi zina tatizo la kinyume: zikifika mapema mno, mwongozaji anawazungusha nje ya milango iliyofungwa.

---

Mzee_wa_Reli:

Niongeze upande wa treni, maana hapa ndipo wageni wengi hupigwa faini.

Treni ni ile ya kitongoji, HÉV, mstari wa H5. Inaanzia Batthyány tér upande wa Buda (magharibi mwa mto), kituo ambacho pia kina metro ya M2. Mpaka Szentendre, kituo cha mwisho, ni kama dakika 40. Mambo matatu ya kushika:

Kwanza, si kila treni ya H5 inafika Szentendre. Nyingine huishia Békásmegyer, mpakani mwa jiji. Soma jina lililo mbele ya treni. Ukiingia isiyo yako, shuka Békásmegyer usubiri inayofuata, hakuna kilichoharibika.

Pili, tiketi na pasi za usafiri wa Budapest, hata zile za saa 24 au 72, zinakomea hapo hapo Békásmegyer. Kuanzia kituo cha Budakalász unahitaji tiketi ya nyongeza ya kipande kilichobaki. Inunue kabla ya kupanda, kwa dirisha, mashine au programu ya BudapestGO. Mkaguzi hasikilizi maelezo ya "nina pasi ya siku tatu".

Tatu, mabehewa ya mstari huu ni ya zamani na yana ngazi za kupandia. Kwa kijana si kitu. Kwa bi mkubwa mwenye magoti, mtu mmoja atangulie juu kumpa mkono na mwingine abaki chini.

Ukishuka, pita njia ya chini ya barabara, shika Kossuth Lajos utca (utca ni mtaa), vuka daraja dogo la kijito cha Bükkös, endelea na Dumtsa Jenő utca mpaka Fő tér. Ni robo saa kwa mwendo wa kawaida, na njia ni tambarare. Nauli ya treni ni sehemu ndogo tu ya bei ya ziara, na muda unakuwa wako wote. Mimi ningeenda kwa treni bila kusita.

---

Rangi_na_Brashi:

Mzee wangu, kwenye nauli uko sahihi, ila kwenye kuachana na mwongozaji sikubaliani. Mji huu bila maelezo unaonekana mapambo tu. Mtu anaona makanisa ya mtindo wa baroko (ule wa Ulaya ya zamani wenye mapambo mengi), anadhani ni ya Kikatoliki, anapita. Kumbe mengi yalijengwa na Waorthodoksi wa Serbia! Mwaka 1690 maelfu ya Waserbia, wakiongozwa na mkuu wa kanisa lao, Patriaki Arsenije wa Tatu, walikimbia jeshi la Waosmani (Waturuki) wakapanda na Danube, na wengi wakatua hapa. Wakawa wafanyabiashara matajiri. Ule msalaba katikati ya Fő tér waliusimamisha wao, mwaka 1763. Ingia kanisa la Blagoveštenska hapo hapo uwanjani, lenye kiingilio kidogo: nje ni baroko ya Ulaya ya Kati, ndani unakutana na ukuta mzima wa picha za watakatifu. Dakika kumi zinatosha, na uliza kabla ya kutoa kamera.

Swali ambalo mwongozaji mzuri hulijibu ni kwa nini wachoraji walikuja hapa na si kwingine. Miaka ya 1880 wadudu wa filoksera waliangamiza mashamba ya mizabibu yaliyokuwa yanalisha mji. Mwaka 1888 reli ya kutoka Budapest ikafika. Baadaye, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, familia nyingi za Kiserbia zikahama. Ukabaki mji mzuri wenye nyumba za kukaa kwa bei ndogo, karibu na jiji lenye wanunuzi wa picha. Károly Ferenczy aliishi hapa kati ya 1889 na 1892, na mwaka 1926 kundi la wachoraji vijana likaanzisha koloni la wasanii, yaani makazi ya kuishi na kuchora pamoja. Lajos Vajda, aliyefariki 1941, alikuwa akitembea mitaa hii hii akichora mistari ya madirisha, misalaba na picha za watakatifu, kimoja juu ya kingine kwenye karatasi moja. Ukilijua hilo, kila ukuta na dirisha utakalopita lina maana.

Kwa hiyo mwulize wakala swali moja: mwongozaji atawaingiza ndani ya wapi, na kiingilio kiko kwenye bei? Kama jibu ni "tutapita mbele ya" kila kitu, basi hapo kweli nenda na treni ya Mzee.

---

Dira_ya_Kusini:

Kuhusu mama. Mji mkongwe umetandikwa mawe ya mviringo karibu kote, na mabasi hayaingii ndani, kwa hiyo hata ziara ya basi ni ya miguu. Viatu viwe na soli nene inayoshika; mvua ikinyesha mawe yale yanateleza. Fimbo yenye ncha nyembamba huzama katikati ya mawe, kwa hiyo iwe na mpira mpana chini.

Shida halisi ni Templomdomb, kile kilima chenye kanisa la Mtakatifu Yohana Mbatizaji. Kila mwongozaji hupandisha kundi pale kwa sababu ya mandhari ya mapaa, na ni mandhari ya kupendeza kweli. Lakini njia fupi kutoka Fő tér ni ngazi na kichochoro chembamba chenye mwinuko. Mwambieni mwongozaji mapema kwamba mama hatapanda na mpange pa kukutana. Apumzike Fő tér au kwenye njia ya mtoni, ambayo ni tambarare na ina viti. Makumbusho ya Kovács nayo ina ngazi za ndani. Vyumba vya chini pekee bado vina cha kuona.

Gati la boti za abiria liko kaskazini mwa katikati ya mji, si pale mtoni karibu na Fő tér ambapo watu hudhani. Kwa mwendo wa mama wekeni dakika 25. Boti ni chache kwa siku, na ikiondoka imeondoka. Mkiikosa msihangaike na teksi, rudini kusini hadi kituo cha H5.

Na muangalie maji. Danube ikijaa, boti husimamishwa na mji husimamisha kuta za kuzuia mafuriko kandokando ya mto, kama ilivyokuwa Juni 2013 na Septemba 2024. Theluji ya Alpi huyeyuka hadi mwanzo wa kiangazi, kwa hiyo Mei na Juni mto unaweza kupanda. Someni masharti: boti ikifutwa, mnarudishiwa tofauti ya bei au mnapewa usafiri wa basi tu?

---

Nahla_82:

Asanteni sana, mmenifungua macho. Tumeomba kuhamia Jumatano. Maswali mawili ya mwisho: wakala anasema kwa nyongeza kidogo wanaweza kuongeza makumbusho ya wazi ya vijiji, Skanzen. Tuchukue? Na kama nataka kununua kitu kimoja kisicho cha kiwandani, ninunue nini?

---

Dira_ya_Kusini:

Skanzen msichukue katika nusu siku. Iko kilomita chache nje ya mji, ina ukubwa wa takriban hekta 60, nyumba za vijiji kutoka mikoa mbalimbali ya Hungaria, na peke yake inakula siku. Mkiiongeza, muda utakatwa kwenye makumbusho ya kauri, na mama atatembea mara tatu zaidi.

---

Rangi_na_Brashi:

Kitu cha kununua: kitambaa cha kékfestő, cha buluu ya nili chenye michoro myeupe. Fundi hugonga mhuri wa mbao wenye dawa ya kuzuia rangi juu ya kitambaa cheupe, anaacha ikauke, anakizamisha kwenye pipa la nili mara kadhaa, kisha anaosha dawa na michoro inabaki myeupe. UNESCO iliuingiza ufundi huu kwenye orodha yake mwaka 2018, kwa Hungaria pamoja na Austria, Czechia, Ujerumani na Slovakia. Tafuta mtaa wa Bogdányi, lakini chunguza: sugua kwa kidole chenye unyevu, kitambaa kipya cha nili huacha buluu kidogo. Angalia pia pale mhuri mmoja unapokutana na mwingine. Kazi ya mkono ina mwachano mdogo, ya mashine haina. Nyumbani kifue peke yake, kwa maji baridi, mara chache za mwanzo.

Lipa kwa forinti, fedha ya Hungaria. Maduka mengi hupokea yuro lakini kwa kiwango chao. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya kwenu au forinti, chagua forinti. Hiyo nyingine inakuongezea gharama ya kubadilisha. Pesa taslimu zitoe kwenye ATM ya benki huko Budapest, si zile mashine zilizosimama peke yake mitaani, na baki na sarafu chache za choo.

---

Mzee_wa_Reli:

Basi mwandikieni wakala hivi, na majibu yaje kwa maandishi kabla ya kulipa: Jumatano boti ipo na inaondoka Szentendre saa ngapi? Muda wetu huru ni dakika ngapi? Viingilio vipi vimo kwenye bei? Kundi ni la watu wangapi? Boti ikifutwa tunarudije? Akishindwa kujibu la pili, tiketi za H5 zinapatikana Batthyány tér siku hiyo hiyo, hazihitaji kuwekewa nafasi.