Mbio za hisani Lamu: mlitukimbiza kwenye bamvua, sasa mwasema "ni sadaka tu"

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nimengoja siku sita nipoe ndipo niandike. Sijapoa.

Mbio zilitangazwa kuanza saa kumi na mbili asubuhi. Wengi wetu tulitoka msikitini baada ya swala ya alfajiri tukaenda moja kwa moja Mkunguni, mbele ya ngome, nambari vifuani, viatu vimefungwa. Saa kumi na mbili ikapita. Saa moja ikapita. Tukaambiwa mgeni wa heshima yuko njiani. Mara ndege imechelewa, mara ameshatua Manda anavuka. Alipofika zikaanza hotuba, moja baada ya nyingine, sisi tumesimama juani. Filimbi ilipulizwa saa tatu kasoro dakika kumi.

Nimesikia watu wa kamati wakisema "tulichelewa kidogo". Anayesema hivyo ama si wa Lamu au ameamua kujisahaulisha. Njia ilikuwa kutoka Mkunguni kwa ukingo wa bahari hadi Shela, kisha ufuoni kuelekea upande wa Kipungani, ugeuke kwenye bendera, urudi Shela, uurudie mzunguko ule mara ya pili, ndipo urudi mjini. Kilomita 42, na nyingi katika hizo ni mchanga wa pwani. Siku hiyo mwezi ulikuwa kumi na tano. Bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida! Huku kwetu bamvua hujaa mwendo wa saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mwendo wa saa nne. Mtoto wa Lamu hulijua hilo kabla hajajua kusoma.

Tungeanza kwa wakati, maji yangekuwa yanatoka. Mchanga ungebana, mgumu kama sakafu, na mtu wa mwendo wangu, anayehitaji saa tano kumaliza, angefika Mkunguni kabla ya adhuhuri. Nilifanya mazoezi miezi minne kwa hesabu hiyo. Badala yake mzunguko wa pili tuliukimbia maji yakipanda. Na maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hujikokota, saa ya tatu na ya nne ndizo yanapokwenda mbio, na bamvua ya huku hupanda karibu mita 3. Kufikia saa saba mchana ule mchanga mgumu ulikuwa chini ya mawimbi. Ilibaki ama uingie majini hadi magotini, ama upande juu kwenye mchanga mkavu unaochoma na kumeza mguu hadi kifundoni. Jua la kaskazi utosini. Nani aliyekaa mezani akapanga haya bila kumuuliza hata nahodha mmoja?

Tena maji ya kunywa. Kituo cha Shela nilikikuta na maji mara ya kwanza. Mara ya pili nilikuta meza na makopo matupu. Cha kwenye bendera hakikuwa na maji kabisa. Kijana aliyekisimamia, na simlaumu, ni mtoto wa skuli aliyejitolea, aliniambia boti ya kuleta maji bado iko gatini. Tunakimbia kando ya vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo chini yake ndimo yaliyomo maji matamu yanayonywewa na mji mzima, na koo zimekauka.

Hapo ndipo alipoanguka kijana mmoja. Simtaji, wazee wake wanajua. Alikuwa mbele yangu kama mita mia, akaanza kwenda mrama, akaiacha njia akawa anaelekea vilimani. Nilipomshika mwili wake ulikuwa moto, hajui yuko wapi, hajui jina lake. Mtu akizidiwa na joto hadi akili ikamtoka, humsubirishi wala humkimbizi kwanza hospitali. Unampoza papo hapo kwa maji mengi, ndipo asafirishwe. Tulimlaza kwenye maji ya bahari, mimi nimemshika kichwa, mama mmoja mkimbiaji akimkinga jua kwa leso yake na kumsomea. Hakuna mtu wa huduma ya kwanza aliyetokea. Walioshuka kutuokoa ni wavuvi waliokuwa wakivuta jarife. Waliacha wavu wao, wakamtia kwenye mashua yao ya mashine, wakampeleka mjini. Alhamdulillahi yu hai, alitoka wodini siku ya pili.

Boti ya huduma ya kwanza ilikuwa wapi? Iko kwenye picha mlizotuma nyinyi wenyewe. Ilikuwa ikimrudisha mgeni wa heshima na ujumbe wake Manda kukamata ndege.

Nataka mkumbuke mbio hizi zilikuwa za kuchangia nini. Boti ya wagonjwa ya visiwa vya juu. Mimi nilijiandikisha kwa sababu dada yangu alishikwa na uchungu Faza usiku, akatiwa kwenye mashua, wakafika Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, maji yamekupwa, wakakwama wakingoja yajae. Alijifungulia humo, kwenye mbao, bila taa. Mtoto sasa ana miaka mitatu. Kwa hiyo msinieleze mimi thamani ya boti. Nilitoa shilingi 1,500 zangu na nikachangisha mtaa mzima, bibi mmoja akanipa shilingi hamsini zake za mkate.

Kila anayeuliza anajibiwa "ni sadaka, mwafaa kushukuru". Sadaka ndiyo inayotaka uangalifu zaidi, kwa kuwa fedha si zenu na miili iliyokimbia si yenu. Chicago mwaka 2007 joto lilipita nyuzi 30, maji yakaisha kwenye baadhi ya vituo, na waandalizi wakasimamisha mbio katikati, mbio kubwa ya dunia, maelfu ya watu wakaambiwa waache. Waliona aibu ya kusimamisha ni ndogo kuliko mauti. Nyinyi mlishindwa kuahirisha mbio za watu wasiofika mia mbili hadi siku ya pili alfajiri, au kutupunguzia tukimbie mzunguko mmoja.

Umbali nao sitakaa nao sana. Maji yalipofika kwenye bendera mtu aliing'oa akaisogeza karibu na Shela, kwa hiyo walio nyuma walikimbia pungufu ya walio mbele, na wote wamepewa medali ya kilomita 42. Saa yangu ilisoma 39 na kitu. Manchester kule Uingereza iligundulika mwaka 2016 kwamba njia ya marathoni yao iliyotumika miaka mitatu ilipungua mita 380, nyakati za maelfu ya wakimbiaji zikakosa kutambuliwa. Huku tumepungukiwa kilomita mbili na zaidi, na mshindi ametangazwa.

Ninachodai: hesabu ya fedha isomwe hadharani, kiingilio, michango na gharama ya jukwaa na viti vya wageni. Kijana yule na wazee wake waombwe radhi nyumbani kwao, si kwa ujumbe wa simu. Na mwakani saa ya kuanza ipangwe na manahodha, kwa mwezi na maji, mgeni akichelewa aikute filimbi imeshalia.

Nyongeza, baada ya Isha: Bwana mmoja wa kamati amenipigia, kwa adabu, nikamjibu kwa adabu. Amesema nikiyaweka haya wazi wafadhili watakimbia na akina mama wa Kizingitini ndio watakaoumia. Nikamwuliza, ami, fedha za boti zimefika ngapi mpaka leo? Akasema mhazini amesafiri.

Wale wavuvi hawajarudishiwa hata petroli, na jarife lao liliraruka walipoliacha. Wakimbiaji tumechanga shilingi 8,400 kufikia jioni hii. Tunawapelekea kesho baada ya Alasiri, tunakutana gatini.