Mrejesho: kijumba juu ya Canter

Wakuu, niliwauliza kwa nini kijumba cha kulala safarini nilichojenga juu ya lori langu la Canter kinapasuka kwenye pembe kila nikipita njia mbovu. Ahsanteni sana. Nimefuata ushauri wa kutokifunga kwa bolti ngumu pande zote: nyuma kimekazwa kabisa, mbele kimekalia springi, ili chesisi (fremu ya chuma ya gari) ikijipinda isikivute. Nimetoka Mto wa Mbu hadi Ziwa Natron, makorongo yote yale, hakuna ufa mpya! Tangi la maji nalo nimelisogeza mbele ya ekseli ya nyuma, gari limetulia.

Vumbi bado linaingia ndani. Mpira mpya wa mlango umepunguza kidogo tu. Kinachosaidia zaidi ni kufungua tundu la paa upande wa mbele gari likiwa kwenye mwendo, upepo unaoingia hapo unazuia vumbi lisipenye kwingine. Hata hivyo godoro nalikung'uta kila jioni.