Betri ya pili kwa gari la kambi: N70 itafaa?

MgeniWaKambi: Wakuu, naweka betri ya pili kwenye Land Cruiser kwa ajili ya friji ya lita 40 na taa. Bajeti ndogo. Nichukue N70 ya kawaida?

Volti12: Hapana. N70 ni ya kuwashia injini: sahani zake za risasi ndani ni nyembamba, ukiishusha chaji sana mara kwa mara inakufa mapema. Chukua ya sola (deep cycle, inayovumilia kushushwa chaji sana), 100Ah (ampea-saa, kipimo cha chaji inayobeba). Friji hiyo kwenye joto inaweza kula 30 hadi 40Ah kwa siku, na betri ya risasi kama hii usitumie zaidi ya nusu ya chaji yake. Kwa hiyo una siku moja tu bila chaji. Ongeza paneli ya wati 150. Angalia tarehe ya kutengenezwa, maana iliyolala dukani mwaka mzima bila chaji ni hasara hata ikiwa na punguzo.

FundiWaya: Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, la sivyo waya ukichubuka gari linaungua. Betri ya maji (ile unayoiongezea maji) usiiweke ndani mnamolala, hutoa gesi ya haidrojeni.

MgeniWaKambi: Na matunzo?

Volti12: Pima ikiwa imepumzika saa kadhaa: 12.7V imejaa, 12.2V ni kama nusu, chaji siku hiyohiyo. Ukiiacha bila chaji, salfeti (chumvi ya risasi) inaganda kwenye sahani. Kila mwezi ongeza maji yaliyotoneshwa, kamwe si tindikali, na baada ya kuchaji, si kabla; vinginevyo itafurika.

FundiWaya: Ukungu mweupe kwenye vichwa vya betri (panapofungwa waya): safisha kwa magadi soda na maji, kausha, paka grisi.