Trekta ya marehemu mzee inakwama shambani, nifunge turbo ama?

Kijana wa Ruai: Habari zenu wakubwa. Niko na Massey Ferguson 35 ya dizeli, silinda tatu, modeli ya 1957, aliniachia marehemu baba. Barabarani iko sawa lakini nikiingia udongo mweusi na plau ya diski tatu inakwama. Kuna fundi huku Kariobangi Light Industries anasema atafunga turbo, ile ya kusukuma hewa zaidi kwa injini, iliyotoka kwa gari la matatu ipate nguvu mara mbili. Silali, nawaza. Nifunge ama niwache?

Mama Shiku: Pole kwa kufiwa mwanangu. Uza ununue ng'ombe wa maziwa. Bwanangu alikuwa na Land Rover kuukuu, ikatulaza njiani karibu na Naivasha mtoto akiwa na homa, mpaka kesho siwezi kusahau ile baridi.

Fundi Kirinyaga Road: Wacha turbo. Hiyo ni injini ya Perkins ya lita 2.5, hospawa 37 hivi, haikuundwa kubeba presha hiyo. Itaanza na gasketi ya kichwa halafu pistoni. Moshi ni rangi gani? Kuna mtu ameshagusa pampu ya dizeli?

Kijana wa Ruai: Moshi ni wa kawaida tu. Mimi nimeuliza turbo.

Fundi Kirinyaga Road: Pampu imeguswa ama haijaguswa?

Kijana wa Ruai: Sawa. Wiki jana huyo fundi wa Kariobangi alikata sili ya pampu akaongeza dizeli, sasa moshi ni mweusi tititi. Lakini ningefanyaje, nimeshachukua deposit ya elfu arobaini nilime ekari kumi na mbili Kamulu kabla mvua ya Machi, na hiyo pesa nimelipa karo ya mdogo wangu, kwa hivyo msiniambie nirudishe.

Baba Neema: Pesa ya mtu hailiwi kabla jasho halijatoka. Mpigie mwenye shamba umweleze ukweli leo.

Chuma Kuukuu: Ngojeni kwanza. 35 ya dizeli ya 1957 ilikuja na injini ya Standard ya silinda nne, ile inayosumbua kuwaka asubuhi. Perkins ya silinda tatu iliingia 1959 mwishoni. Huyu anatutungia hadithi.

Mama Shiku: Woi, na nilikuwa nishampa pole!

Kijana wa Ruai: Situngi. Nimetoka huko nje na tochi saa hii. Logibuku ni ya 1957 lakini kwa ubavu wa injini kuna kibao, nimekisugua na dizeli nikasoma Perkins. Nimempigia mama akasema mzee aliibadilisha nikiwa darasa la pili, ile ya zamani ilikuwa inamsumbua. Hata mnyororo wa kuinulia injini nimekumbuka, ulining'inia kwa mwembe wetu wiki nzima tukaufanya bembea.

Chuma Kuukuu: Basi nisamehe ndugu. Mzee wako alichagua vizuri.

Fundi Kirinyaga Road: Sasa tuongee. Plau ikishika, ni injini inakufa ama magurudumu yanateleza?

Kijana wa Ruai: Yanateleza, nikiongeza mafuta yanachimba shimo.

Fundi Kirinyaga Road: Basi nguvu iko, haifiki chini. Jaza maji kwa tairi za nyuma, zungusha hadi valvu iwe juu kabisa, ingiza maji mpaka yafike hapo kwa valvu, juu yake tia upepo. Toa diski moja. Pampu na nozeli zote tatu za kupuliza dizeli zipelekwe zipimwe kwa benchi ya fundi wa pampu, huo moshi mweusi ni dizeli imezidi hewa na inachoma injini. Na fungua bakuli la oili la filta ya hewa, uone kama hewa inapita.

Kijana wa Ruai: Na diski mbili nitamaliza lini ekari kumi na mbili?

Fundi Kirinyaga Road: Kabla ya yule aliyesimama na pistoni imetoboka.

Kijana wa Ruai: Nimefungua bakuli. Oili imeganda kama uji wa jana, na kwa bomba la juu manyigu wamejenga kwa matope. Kesho napeleka pampu. Turbo nimemwambia fundi angoje, lakini deposit sirudishi, nitalima hata usiku.